Nakala mbili kwenye begi moja

Kisa chenyewe, katika nyumba nyingi zenye mwanafunzi wa chuo, hufanana hivi. Ni Jumapili jioni. Mama yuko jikoni kwake Morogoro, simu inaita kwa namba asiyoijua. Kumbe ni kijana wake, yuko mwaka wa mwisho chuoni Dar es Salaam.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unapiga kwa namba ngeni?"

"Nimeibiwa begi stendi, mama. Simu, kompyuta, vyote vimekwenda."

"Wewe mwenyewe umeumia?"

"Hapana. Niko mzima."

"Basi tumshukuru Mungu. Kompyuta ni kitu tu, tutajipanga na baba yako."

Kijana ananyamaza kidogo. "Mama, si kompyuta. Ile kazi ya mahindi yote ilikuwa humo."

"Na ile flashi niliyokununulia ya kuwekea akiba?"

"Nayo ilikuwa kwenye begi."

Hapo ndipo mzazi anapoanza kuelewa ukubwa wa hasara. Kompyuta mpakato inauzwa dukani. Kazi ya mahindi haiuzwi popote.

Kilichopotea ni nini hasa

Wazazi wengi wakisikia mtoto anafanya "mradi wa programu" hudhani ni kitabu kirefu alichokichapa. Ingekuwa hivyo, angekichapa tena akiwa bado anakikumbuka. Mradi wa utafiti wenye programu ndani yake una vitu vinne, na kila kimoja kinapotea kwa namna yake.

Cha kwanza ni data. Kijana wa mfano wetu alikwenda mashambani wakati wa masika akapiga picha za majani ya mahindi, mengine mazima, mengine yaliyoliwa na viwavijeshi vamizi, wale wadudu walioanza kusumbua wakulima wa Tanzania mwaka 2017. Alipiga picha moja baada ya nyingine, akaandika kila moja imepigwa wapi na siku gani.

Cha pili ni programu yenyewe, yaani maelekezo aliyoyaandika ili kompyuta ijifunze kutofautisha jani zima na jani lililoshambuliwa. Hapa kuna miezi ya kuandika, kukosea, kufuta na kurekebisha.

Cha tatu ni maelezo: alitumia vifaa gani, toleo gani la programu nyingine, alibadilisha nini na kwa nini. Cha nne ni matokeo, yale majedwali na michoro atakayoionyesha kwa wasimamizi wake.

Matokeo yakipotea huku vile vitatu vipo, anaweza kuyapata tena kwa kuiendesha programu upya. Programu ikipotea, ataiandika tena kwa tabu, kwa kuwa njia anaijua. Data ya shambani ikipotea hali ni nyingine. Masika yameshapita na mahindi yameshavunwa. Kijana anasubiri msimu mwingine, pengine mwaka mwingine wa kodi ya chumba, chakula na ada, na kama anasoma kwa mkopo, mwaka huo wa ziada huenda ukawa juu ya wazazi. Ndiyo maana suala hili, linaloonekana la mafundi wa kompyuta, ni la familia nzima.

Hata wakubwa hupoteza

Kabla mzazi hajamgombeza mtoto kwa uzembe, ni vizuri ajue kwamba jambo hili limewakuta watu wenye vifaa na wataalamu kuliko chumba chochote cha hosteli.

Mwezi Desemba 2021, Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, kilipoteza takribani terabaiti 77 za mafaili ya utafiti kwenye kompyuta yake kubwa. Yalikuwa mafaili yapatayo milioni 34, ya vikundi 14 vya watafiti. Hakukuwa na mwizi wala moto. Programu iliyokuwa na kazi ya kutunza nakala za akiba ilirekebishwa huku ikiwa bado inafanya kazi, ikachanganyikiwa, na badala ya kufuta kumbukumbu za zamani zisizohitajika ikaanza kufuta kazi za watu. Vikundi vinne havikuweza kurudishiwa mafaili yao kutoka kwenye akiba.

Kisa kingine kinawahusu watengenezaji wa filamu ya katuni ya Toy Story 2, ambayo watoto wengi wameiona. Mwaka 1998, katika studio za Pixar huko Marekani, mtu mmoja aliandika amri iliyoanza kufuta filamu yote kutoka kwenye kompyuta za kampuni. Wafanyakazi waliona wahusika wakitoweka mmoja baada ya mwingine. Wakakimbilia akiba, wakakuta nayo ilikuwa imeharibika bila mtu kugundua.

Filamu iliokolewa na mama mmoja. Galyn Susman, aliyekuwa mmoja wa wakuu wa ufundi, alikuwa amejifungua na alikuwa akifanya kazi nyumbani. Kwa sababu hiyo alikuwa na nakala ya filamu kwenye kompyuta ya nyumbani kwake. Waliifunga kompyuta ile kwa mablanketi, wakaipakia kwenye gari na kuiendesha taratibu mpaka ofisini. Filamu ilitoka mwaka 1999.

Visa hivi viwili vina funzo moja. Kyoto walikuwa na akiba, Pixar walikuwa na akiba, na yule kijana wa Morogoro alikuwa na flashi. Hakuna kati yao aliyekosa nakala kabisa. Tatizo lilikuwa nakala hiyo ilikaa wapi, na lini mara ya mwisho mtu aliifungua kuitazama. Iliyookoa kazi ni ile iliyokuwa mbali na ajali, nyumbani kwa mzazi mwenye mtoto mchanga.

Tatu, mbili, moja

Wapo wapiga picha na watafiti wanaotumia kanuni rahisi iliyoenezwa na mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh. Huitwa tatu-mbili-moja. Kazi iwe na nakala tatu. Nakala hizo zikae kwenye vyombo vya aina mbili tofauti. Na angalau moja ikae mahali pengine kabisa, si chini ya paa lilelile.

Kwa mwanafunzi wa kwetu kanuni hiyo inatekelezeka bila gharama kubwa. Nakala ya kwanza ni ile anayoifanyia kazi kwenye kompyuta yake. Ya pili iwe kwenye diski ya nje, ambayo haitembei naye kwenye begi. Ikae kwa shangazi, kwa mjomba anayeishi mjini huohuo, au nyumbani kwa wazazi kama anakwenda mara kwa mara. Ya tatu iwe mtandaoni.

Kila nakala ina adui wake. Kompyuta huibiwa, humwagiwa chai, au hufa umeme ukirudi kwa kishindo. Diski hudondoka. Flashi ni nzuri kwa kubeba kazi kwenda kuchapisha, lakini ni ndogo, hupotea mfukoni, na hushika virusi kila inapochomekwa kwenye kompyuta ya duka la kuchapishia, kwa hiyo isitegemewe kuwa ghala. Akaunti ya mtandaoni nayo huingiliwa au husahaulika neno lake la siri. Ni vigumu maadui wote kufika siku moja, ikiwa nakala hazikai pamoja. Zikikaa kwenye begi moja, mwizi mmoja anatosha.

Kila kitu mahali pake

Programu aliyoiandika mwanafunzi ni maandishi tu, kwa hiyo ni nyepesi sana. Inaweza kupandishwa mtandaoni kila siku hata kwa bando dogo. Wanaoandika programu hutumia Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Kazi yake ni kutunza historia: leo nimebadilisha hiki, jana nilibadilisha kile, na nikiharibu ninaweza kurudi kwenye hali ya juzi. Mwenye Git hana haja ya mafaili yanayoitwa "mwisho", "mwisho2" na "mwisho_kabisa", ambayo baada ya wiki mbili hata mwenyewe hajui lipi ndilo la mwisho.

Ila kuna mtego hapa, na vijana wengi hunaswa. Historia hiyo ya Git inakaa ndani ya folda ileile, kwenye kompyuta ileile. Mpaka mwanafunzi aisukume kwenda mahali pengine, kwa mfano GitHub au GitLab, kompyuta ikiibiwa historia nayo imeibiwa. Akaunti ya bure inatosha, na kazi inaweza kufungwa isionekane na watu wengine mpaka atakapotaka. Kwa hiyo mtoto akijibu, "Ninatumia Git," mzazi anaweza kuendelea kuuliza, "Umeisukuma lini?"

Picha na data nyingine ni nzito, na Git si mahali pake. GitHub hukataa faili moja linalozidi megabaiti 100. Data iende kwenye diski ya nje na kwenye hifadhi ya mtandaoni. Google Drive hutoa gigabaiti 15 bure, lakini nafasi hiyo hugawanywa na barua pepe na picha za simu, kwa hiyo hujaa mapema kuliko mtu anavyodhani. Mwanafunzi atazame kwanza kama chuo chake kinatoa nafasi kwa wanafunzi. Bando likiwa tatizo, apandishe data akiwa maktaba au maabara yenye intaneti ya chuo, mara moja tu baada ya kurudi kutoka shambani. Data halisi, ile aliyotoka nayo shambani, haibadiliki tena. Ikishapanda, imepanda. Anayetaka kuichezea atengeneze nakala nyingine, ile ya asili isiguswe.

WhatsApp isihesabiwe kuwa ghala. Wapo wanaojitumia kazi kwenye WhatsApp wakaona wamemaliza. Picha inayotumwa kama picha ya kawaida hupunguzwa ubora, na kwa programu inayojifunza kutoka kwenye majani yenye matundu madogo, upungufu huo unaweza kuharibu utafiti.

Kusawazisha si kuweka akiba

Vipo vyombo vinavyosawazisha kompyuta na hifadhi ya mtandaoni vyenyewe. Ukiandika huku, inaonekana kule. Ni msaada mkubwa, lakini kusawazisha kunakwenda pande zote mbili: ukifuta huku, kunafutika na kule. Mdogo wake akicheza na kompyuta akaburuta folda kwenye pipa la taka, mtandao hautajua kwamba ni utoto. Google Drive huliacha faili lililofutwa kwenye pipa kwa siku 30, kisha hulifuta kabisa. Mwanafunzi anayegundua baada ya miezi miwili amechelewa.

Ubaya kama huo hutokea kompyuta ikiingiliwa na zile programu hasidi zinazofunga mafaili na kudai pesa ili kuyafungua. Faili lililofungwa husawazishwa likaenda kuchukua nafasi ya faili zima. Hapo diski ya nje ndiyo inayookoa, kwa sharti kwamba huchomolewa baada ya kutumika. Diski inayoshinda imechomekwa mwaka mzima itafungwa pamoja na kompyuta.

Maswali matatu ya Jumapili

Mzazi hahitaji kujua programu hata moja ili kusaidia. Mama anayeuza mboga sokoni anajua hesabu ya duka lake kwa kuuliza tu: kimeingia nini, kimetoka nini, kimebaki nini. Kwa mtoto wa chuo mwenye mradi, maswali matatu yanatosha, na yanaweza kuulizwa kwenye simu ileile ya kujuliana hali.

La kwanza: "Kompyuta yako ikipotea leo, utapoteza kazi ya siku ngapi?" Jibu zuri ni siku moja, au mbili. Kijana akianza kuhesabu wiki, kuna shida.

La pili: "Nakala nyingine ziko wapi?" Jibu liwe la mahali panapoeleweka: kwa shangazi, mtandaoni kwenye akaunti fulani. "Zipo tu" si jibu.

La tatu: "Lini mara ya mwisho ulifungua nakala hizo ukaona zinafunguka?" Hili ndilo swali ambalo watu wa Pixar hawakujiuliza. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini akiba ya kompyuta huoza. Mara moja kwa mwezi mwanafunzi achukue nakala, aiweke kwenye kompyuta ya rafiki, afungue picha tano, aendeshe programu aone kama inafanya kazi. Kama inagoma kwa sababu kuna kitu alisahau kukihifadhi, ni heri ajue leo kuliko siku ya kuwasilisha. Zoezi hilo pia litamwonyesha kama maelezo yake yanaeleweka na mtu mwingine, jambo ambalo msimamizi wake atamuuliza.

Maswali haya yaulizwe kwa upole. Mtoto anayegombezwa huficha. Akishazoea kusema "mama bado sijafungua" bila hofu, ataanza kufungua.

Majina ya watu si ya kusambaza

Utafiti mwingi hugusa watu: wakulima, wagonjwa, wanafunzi, wauzaji sokoni. Fomu zenye majina, namba za simu na maelezo ya nyumba za watu hazifai kuwekwa kila mahali kwa kisingizio cha akiba. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019.

Njia rahisi ni kutenganisha. Kila mtu apewe namba, na orodha inayoonyesha namba ipi ni ya nani ikae peke yake, imefungwa kwa neno la siri, isipandishwe pamoja na programu. Diski inayokaa kwa ndugu nayo ifungwe kwa neno la siri, maana nyumbani kuna wageni na watoto. Neno hilo liandikwe kwenye karatasi, liwekwe bahasha, likae na vyeti vya familia. Diski iliyofungwa kwa neno lililosahaulika ni sawa na iliyoibiwa.

Siku ya mahafali

Hatari nyingine huja wakati wa furaha. Akaunti za vyuo vingi hufungwa mwanafunzi anapomaliza, na kila kilichokuwa ndani huondoka nazo. Akaunti binafsi nazo hazidumu zikitelekezwa. Google huweza kufuta akaunti isiyotumika kwa miaka miwili. Kabla ya mahafali, mwanafunzi ahamishe kazi yake yote kwenda kwenye akaunti yake mwenyewe na kwenye diski.

Kazi nzuri inaweza pia kukabidhiwa ghala la kudumu. Zenodo, inayoendeshwa na kituo cha utafiti cha CERN huko Uswisi tangu mwaka 2013, hupokea data na programu za watafiti bure na kuipa kila kazi namba yake ya kudumu, ili mwingine akiitumia aweze kumtaja mwenyewe. Mwanafunzi akubaliane kwanza na msimamizi wake, na ahakikishe hakuna majina ya watu ndani. Kijana anayetafuta kazi au ufadhili wa masomo zaidi akiwa na namba hiyo mkononi, ana kitu cha kuonyesha zaidi ya cheti.

Diski kabatini

Katika nyumba ile ya Morogoro, baba alipiga hesabu usiku kwenye daftari: kompyuta iliyotumika, kodi ya chumba ya mwaka mwingine, nauli za kurudi mashambani. Bei ya diski ya nje, aliyoiandika mstari wa mwisho, ilikuwa ndogo kuliko vyote.

Masika yaliyofuata kijana alirudi shambani. Siku aliyotoka huko alipita nyumbani kabla ya kwenda chuoni, akakaa sebuleni mpaka picha zote zikaingia kwenye diski. Mama akaipokea, akaifunga kwenye kitambaa, akaiweka kabatini juu ya vyeti vya ubatizo na kadi za kliniki.

"Umeifungua ukaona picha zimo?" akauliza kabla hajafunga mlango wa kabati.

Kijana akacheka, akanyoosha mkono. Mama akaitoa tena, wakakaa wote wawili mbele ya kompyuta, wakaanza kutazama majani ya mahindi, moja baada ya jingine.